Mota Mbili na Kiti cha Mama

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kulificha hilo. Naogopa umeme, naogopa mbwa, naogopa mtungi wa gesi hata ukiwa mtupu. Wanafunzi wa shule ninayofanyia kazi, shule ya kutwa ya huku Eastlands, wanajua kwamba fundi wao wa maabara huwasha moto wa gesi akiwa amegeuza uso upande mwingine. Wananicheka. Nami huwaambia wacheke tu, macho yangu yote mawili bado ninayo. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mimi huyu nikajenga roketi ndefu kuliko mimi mwenyewe, huwa namsimulia kama ninavyosimulia hapa.

Ilianza na vitu vidogo. Klabu ya sayansi ilikuwa ikirusha viroketi vya karatasi uwanjani, vinapita juu ya paa la bwalo na kurudi na kiparachuti cha kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Halafu akaja mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, mwenye kibali cha kushika na kurusha roketi kubwa, akatazama vitu vyetu, akasema tunaweza kufanya zaidi ya hapo. Mimi ningenyamaza. Lakini mwalimu wa fizikia akadakia kwamba madam wa maabara ana mikono ya dhahabu. Sifa ni kitu kibaya sana kwa mtu mwoga. Nilijikuta nimekubali kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Mwili wa roketi nilienda kuutafuta Eastleigh. Kwenye maduka ya vitambaa ya jumla, jora likiisha hubaki bomba la karatasi ngumu, nene na lililonyooka, na wenye maduka huyarundika nyuma ya jengo wakisubiri mtu wa kuyaondoa. Nilichagua moja refu nikalibeba begani hadi nyumbani, watu wakinikwepa na kunitukana njia nzima. Mapezi nilikata kwa plaiwudi. Kila usiku nilipoota inavunjika hewani, asubuhi niliongeza gundi na utepe. Kina mama wa kikundi cha kanisa letu walishona parachuti, na mama yangu ndiye aliyekuwa akiwasimamia akiwa ameketi, akiwafumulia waliokosea.

Mama ni mjane wa mfanyakazi wa reli. Alitulea Makongeni, akahamia kwangu mtaa wa Jericho baada ya kupigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Ulimi wake haukulegea hata kidogo. Roketi ilikuwa inalala sebuleni kando ya ukuta, nasi tukawa tunaivuka kama mtoto aliyesinzia sakafuni, na mama akaipa jina la mgeni asiyekula wala kuaga.

Sasa nije kwenye mota. Mota ya roketi si kama ya pampu ya maji. Ni bomba lililoshindiliwa fueli ngumu kama raba, na ukishaiwasha huwezi kuizima wala kuipunguza. Itaungua mpaka iishe, uwe umechagua vizuri au umechagua vibaya. Mhadhiri alikuwa na mbili ambazo zingeingia kwenye roketi yetu, moja ndogo na moja kubwa, amezifungia huko chuoni. Aliniambia atakayebonyeza kitufe ni yeye, lakini atakayechagua mota ni aliyeijenga roketi, kwa kuwa ndiye anayejua ilivyo ndani. Nilitamani achague yeye. Nilimwambia hivyo waziwazi, akatabasamu tu.

Usingizi ulinihama. Ukichagua mota kubwa kupita kiasi, mapezi yanaweza kung'oka, au roketi ikapita kimo ulichoruhusiwa, na huko juu kuna ndege zenye watu. Ukichagua ndogo kupita kiasi ni vibaya zaidi, na hilo ndilo watu wasiloliamini. Wanadhani roketi yenye mota dhaifu itabaki pale chini ikitoa moshi, mcheke muende nyumbani. Haibaki. Inatoka kwenye reli yake, nguzo inayoielekeza juu, ikijikokota, haijapata mwendo wa kuinyoosha, upepo unaisukuma pua, halafu mota inaendelea na kazi yake, ila sasa haiisukumi juu bali mbele, kwenye usawa wa vichwa vya watu. Mhadhiri alituonyesha video moja ya namna hiyo. Watazamaji walitawanyika mbio. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka video ikaisha.

Kanuni aliyotupa ilikuwa rahisi: mota isukume angalau mara tano ya uzito wa roketi yenyewe. Ikipungua hapo, usirushe. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea uzito, na kupima uzito ni kazi ninayolipwa kuifanya. Shida ni kwamba mizani ya maabara haipimi kitu kizito kuliko pakiti ya sukari. Kwa hiyo nikaibeba roketi hadi kwa jamaa mmoja anayenunua vyuma vikuukuu nyuma ya soko, ana mizani kubwa ya kuning'iniza. Mahali pa mota nilitia chupa ya mchanga yenye uzito sawa na ile mota ndogo, nisije nikapima nusu ya kitu.

Mbele yangu palikuwa na mama mmoja aliyeleta sufuria zilizotoboka na vyuma vya kitanda. Alilalamika kwamba vyuma vyake vilikuwa vizito zaidi alipovibeba kutoka nyumbani. Jamaa akamjibu kwamba huo uzito mwingine ulikuwa ni uchovu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akaiinua roketi yangu, sindano ikatikisika, ikatulia kwenye kilo nane. Akanitania nikishachoka na toi yangu ya kuchezea nimletee yeye kwanza.

Kilo nane. Mara tano yake ni arobaini, na mota ndogo ilikuwa ikisukuma kwa nguvu ya kilo arobaini na mbili. Nilipotoka pale sokoni nilihisi mwili wote umelegea kwa raha. Mota ndogo ilitosha, kidogo tu, lakini ilitosha, na ile kubwa ingebaki ndani ya sanduku lake. Klabu nzima ilinuna. Mwalimu wa fizikia alisema roketi imepata mama wa kambo. Mimi nilikuwa nimeamua, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililala kama mtu.

Raha hiyo haikudumu, kwa sababu mama alisema naye anakwenda. Nilikataa. Nikamweleza kuhusu jua, matope, basi lisilo na nafasi ya kiti chake, choo cha porini. Sababu yenyewe sikuisema. Sababu ni kwamba kila mtu mwingine pale angeweza kukimbia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba tangu augue ameona dari ya sebule yangu na mlango wa kanisa, basi, na kwamba kikundi chake kimeshakubali kuja kutupikia, kwa hiyo tusipotezeane muda. Wakati mwingine nadhani kiharusi kiliuondoa mkono wake kikaacha nguvu zote kwenye neno "basi".

Tukaenda. Tulipewa kipande cha mbuga nje kabisa ya jiji, na ruhusa ya kurusha ilikuwa inakwisha saa sita mchana. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na yeyote anayeujua udongo mweusi wa upande huo anajua nilichokiona tuliposhuka basi. Kiti cha mama kilisukumwa hatua chache, magurudumu yakazama. Wanaume wanne wa kanisani walikibeba naye akiwa ndani, wakamtua nyuma ya kamba ya usalama, na walipomtua tu kiti kikaanza kuzama tena. Alikuwa amejifunga leso yake nzuri kiunoni. Kina mama wakatua sufuria, wakatoa mboga za sukuma na unga, wakaanza kuwasha moto mbali na sisi kama tulivyowaagiza. Upepo ulikuwepo. Haukuwa mkali, lakini ulitosha kuinamisha nyasi, nami niliutazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyefungwa.

Mhadhiri alisimamisha reli, ile nguzo ya chuma ambayo roketi hupandia. Mota zilikuwa bado kwenye sanduku lake la chuma, na ndani ya roketi kulikuwa na ile chupa yangu ya mchanga. Aliniomba nimshikie upande mmoja tuisogeze roketi. Nikainua.

Mikono yangu ikakataa. Sijui niseme vipi. Nimebeba mitungi, ndoo, makatoni ya vifaa vya maabara miaka mingi, na mikono yangu inazijua kilo nane. Hizi hazikuwa nane. Nikajiambia ni woga, ni kutolala vizuri, ni uchovu. Na neno hilo, uchovu, ndilo lililonigandisha pale matopeni. Nilimwona yule mama wa sufuria zilizotoboka. Nilijiona mimi mwenyewe nikicheka.

Mimi nimezaliwa na kukulia mitaa hii. Najua, kama mtoto yeyote wa hapa anavyojua, kwamba mizani ya anayekuuzia nyama huzidisha, na mizani ya anayenunua vyuma vyako hupunguza. Hakuna anayehitaji kufundishwa. Lakini roketi sikuwa nauza wala kununua, kwa hiyo haikunipitikia kabisa kwamba mizani ile haikujua tofauti. Ilinipunguzia kama ilivyompunguzia kila mtu. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa ameketi pale pale, magurudumu yamemezwa nusu, akimwelekeza mtu jinsi ya kukata vitunguu.

Nilimwambia mhadhiri mizani imenidanganya na sijui kwa kiasi gani. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama kuna mizani nyingine, nami nikamwambia porini hakuna mizani. Halafu nikaona unga.

Unga wa ugali wa dukani umefungwa kiwandani, pakiti ya kilo mbili ni kilo mbili. Nilichukua ule ubao mrefu tuliokuwa tumekuja nao wa kukanyagia matope, nikaulaza katikati yake juu ya kipande cha bomba la chuma, kama bembea ya watoto, kisha tukailaza roketi ikikingama kwenye ncha moja. Kina mama walikuja na pakiti zao wakilalamika kwamba chakula kitachelewa. Niliweka pakiti nne kwenye ncha ya pili, kilo nane. Ubao haukujongea. Niliubonyeza kwa kidole nikiuombea ushuke, kweli niliuombea, na haukushuka. Nikaweka ya tano. Upande wa roketi ukanyanyuka taratibu, ubao ukatulia sawasawa.

Kilo kumi. Mota ndogo ingeisukuma mara nne tu. Nilikuwa nimebakisha muda mfupi kuiwasha mbele ya watoto wa watu, mbele ya kanisa zima, na mbele ya mwanamke mmoja asiyeweza kusimama. Nilichuchumaa kando ya unga. Mwalimu wa fizikia, ambaye kwa kawaida haishiwi utani, alinitilia maji kwenye kikombe.

Mhadhiri alipiga hesabu upya kwa simu yake. Kwa mota kubwa pamoja na uzito wake yenyewe, kwa uzito huu mpya, roketi ingesukumwa karibu mara nane, na kimo chake kingekuwa chini kidogo ya tulichoruhusiwa. Uzito ule ule uliokuwa umeiharibu mota ndogo ndio ulioifaa kubwa, maana uliizuia kupita kimo. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba uamuzi bado ni wangu: kubwa, au turudi nyumbani. Nilitaka kurudi nyumbani. Nilitaka hivyo kwa mwili mzima. Mota kubwa ikiwa na ufa ndani hupasuka pale pale kwenye reli, na vipande vyake haviulizi ni nani hana miguu.

Nilimwendea mama. Alikuwa ameona ubao, unga na sura yangu, na alitaka kujua kuna nini. Nikamweleza yote, mizani, uzito, mota mbili. Aliuliza kama hiyo kubwa inatosha. Nikasema inatosha, kwa hesabu inatosha.

"Basi unaogopa nini?"

"Naogopa kwa sababu wewe huwezi kukimbia."

Nilikuwa sijawahi kumwambia. Tangu augue tulikuwa tunaongea kana kwamba kiti kile ni kiti tu. Alitazama mkono wake wa kulia uliolala kwenye leso, nami nikajutia kufungua mdomo.

"Waambie wanibebe nyuma kidogo," akasema. "Halafu chagua vile ungechagua kama mimi sipo hapa."

Nikarudi kwa mhadhiri nikamwambia: kubwa.

Wanaume walijaribu kumbeba. Kiti kilikuwa kimeshikwa na udongo, na walipokivuta kwa nguvu gurudumu moja lilipinda. Walimsogeza kidogo tu, halafu likakwama kabisa. Nikasema tumbebe yeye mgongoni, tuache kiti, lakini alikataa kubebwa kama gunia mbele ya kikundi chake, na saa sita ilikuwa inakaribia. Mhadhiri alipima kwa macho umbali hadi kwenye reli, akasema mahali alipo ni mbali kuliko kanuni inavyodai, yuko salama. Mimi sikutaka kanuni. Nilitaka ukuta wa mawe.

Wengine wote niliwarudisha hadi kwenye basi. Mhadhiri aliingiza mota kubwa, akaunganisha nyaya, akarudi kwenye kitufe chake. Mimi nilibaki na mama. Nilisimama mbele ya kiti chake, mgongo wangu kwake, mikono imetanuka, kama mtu anayezuia kuku wasitoke bandani. Sikuwa nawaza. Nilikuwa nimejiambia tu kwamba kitu chochote kitakachotoka pale kitanikuta mimi kwanza.

Mhadhiri akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama, kavu, bila haraka.

"Toka mbele yangu. Unanizibia."

Nilitoka. Ndiyo, nilitoka. Nilipiga magoti matopeni kando yake nikamshika bega, na badala ya kutazama reli nikamtazama yeye. Kwa hiyo sikuiona roketi yangu ikipaa. Nilisikia mlio kama bati zima la paa linalochanwa, nikahisi ukinigonga kifuani, na niliona uso wa mama ukiinuka pamoja nayo, taratibu, kidevu kikipanda na kupanda, mdomo wazi, mpaka shingo yake ikawa haiwezi kwenda nyuma zaidi. Nikajua kwa shingo hiyo kwamba imenyooka. Nyuma yetu kwenye basi watu walikuwa wakipiga kelele. Kisha kidevu chake kikaanza kushuka, akasema parachuti imefunguka, na kwamba mshono mmoja wa pembeni ameuona umekaa vibaya hata kutoka pale.

Nililia. Wala sikujaribu kujizuia. Nililia nikiwa nimeegemea gurudumu lililopinda, huku watu wakianza kukimbia kuja kwetu, wanafunzi mbele, kina mama nyuma wameshika leso zao. Mama hakulia. Alinishika ukosi kwa mkono wake mzima akanivuta karibu na mdomo wake.

"Usiwaache wafike hapa," akaninong'oneza.

Sikuelewa. Nikatazama chini. Leso yake nzuri ilikuwa imelowa mapajani, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kiti kuingia kwenye udongo. Yule aliyeniambia nitoke mbele yake, niliyedhani hana woga hata wa kukopesha, alikuwa ameogopa kiasi hicho na hakupepesa jicho. Alikuwa akinitazama sasa kama mtoto aliyevunja kitu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama saa ile.

Watu walikuwa wamebakiza hatua chache. Chupa kubwa ya maji ya kunywa ilikuwa imening'inizwa nyuma ya kiti. Niliifungua, nikajifanya nimeteleza, nikamwagia yote mapajani, na mengine nikajimwagia mimi. Kisha nikaanza kujilaani kwa sauti kubwa, ona nilivyo mzembe, ona nilivyomlowesha mama wa watu, mikono ya dhahabu gani hii isiyoweza kushika chupa. Kina mama walinigombeza wote kwa pamoja. Wakamvua leso, wakamfunga nyingine kavu, wakasema mtoto huyu woga utamuua. Mama naye akanigombeza kuliko wote.

Jioni, nyumbani, hakulitaja jambo hilo, nami sikulitaja. Nilipomwambia juzi kwamba nataka kuandika habari za roketi, nilimuuliza kama niishie hapo parachuti inapofunguka. Alifikiri akasema niandike mpaka mwisho, ana umri gani wa kuona haya sasa. Ila niseme pia kwamba maji yale yalikuwa baridi kama nini, na kwamba nusu chupa ingetosha.